Samaki Mkunje Angali Mbichi, Mifupa Isubiri: Elimu ya Kumfunza Punda Mchanga

Katika mitaa ya mji wa Unguja, Mpendae ikiwa mmojawapo, gari la punda bado hupita baina ya daladala, teksi na pikipiki. Hubeba mchanga, mawe ya kujengea, kuni na majani ya mifugo. Anayelitazama gari hilo katika barabara iliyonyooka haoni jambo la ajabu. Tofauti baina ya punda na punda hudhihirika penye kona. Punda aliyefunzwa vyema hupunguza mwendo, huelekeza sikio nyuma kumsikiliza mwendeshaji, hupishanisha miguu ya mbele, na gari zima hugeuka bila ya gurudumu kugusa ukuta. Punda asiyefunzwa hukaza shingo na kusimama, na hapo bakora huanza kufanya kazi.

Watu wengi husema kwamba yule wa kwanza kazaliwa mwema na huyu wa pili kazaliwa mkaidi. Elimu ya tabia za wanyama haikubaliani na kauli hiyo. Aghalabu tofauti yao ni ya malezi, nayo huanza miaka kadhaa kabla ya punda kufungwa gari.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni kweli tupu kwa akili ya punda, ila haielezi habari za mifupa yake. Mnyama mchanga ana kalenda mbili: ya akili, ambayo huruhusu mafunzo tangu siku za mwanzo, na ya mifupa, ambayo haikamiliki mpaka miaka mingi ipite. Mfugaji anayechelewesha kalenda ya kwanza hupata punda mwoga. Anayeharakisha ile ya pili hupata punda kilema. Hasara zote mbili humfika mtu ambaye pengine hana chombo kingine cha kumpatia riziki.

Kwa nini punda, si farasi

Punda ni mnyama wa Afrika. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha punda 207 wa siku hizi na mabaki ya punda 31 wa kale, ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wana asili moja, nao walianza kufugwa upande wa mashariki wa bara hili yapata miaka 7,000 iliyopita. Farasi wa kufugwa wanaojulikana leo walitokea mbali na hapa, katika nyika zilizo baina ya mito ya Volga na Don, yapata miaka 4,200 iliyopita.

Unguja imewajua wote wawili. Katika karne ya 19 masultani walifuga farasi wa Kiarabu, na punda wakubwa weupe wa Maskati walikuwa kipando cha watu wa heshima. Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi watoto wa Seyyid Said walivyofundishwa kupanda farasi na punda. Lakini farasi hawakuenea visiwani wala katika sehemu kubwa ya pwani. Sababu mojawapo ni mbung'o, ambaye hueneza vijidudu vya ugonjwa wa nagana. Farasi hudhurika upesi kwa maradhi hayo. Punda naye huambukizwa, lakini kwa kawaida hustahimili zaidi.

Mbung'o wa Unguja, wa aina ya Glossina austeni, alitokomezwa kwa njia ya kisayansi. Madume waliofugwa Tanga na kutasishwa kwa mionzi yalirushwa kisiwani kwa ndege kuanzia mwaka 1994 hadi 1997. Majike waliopandwa na madume hayo hawakuzaa, na mbung'o wa mwitu wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Hata hivyo punda alikuwa amekwisha kupata nafasi yake kisiwani, naye ndiye aliyebaki katika kazi.

Ukaidi au tahadhari?

Tabia ya punda haifahamiki vyema mpaka ikumbukwe nchi aliyotoka. Farasi alikulia katika nyika pana, ndani ya kundi. Akishtuka hukimbia kwanza, kisha hutafuta sababu. Punda-mwitu wa Afrika huishi katika nchi kavu yenye mawe, ambako malisho ni haba na wanyama hutawanyika. Katika nchi ya namna hiyo kukimbia ovyo huweza kumvunja mguu. Kinachomfaa ni kusimama, kutega masikio, kuangalia, kisha kuamua.

Kwa hiyo punda anaposimama mbele ya dimbwi, au mbele ya turubai linalopepea, anafanya kile kilichowaokoa wazee wake. Akipewa muda wa kutazama na kunusa, aghalabu huendelea mwenyewe. Akipigwa, hupata sababu ya pili ya kuogopa mahali pale pale, na kesho atasimama mapema zaidi.

Methali nyingine husema kwamba asante ya punda ni mateke. Teke nalo lina maelezo yake. Macho ya punda yamekaa pembeni mwa kichwa, na humwezesha kuona karibu pande zote, ila mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Anayemwendea kwa kimya kutoka nyuma humfikia mahali asipoonekana, na mguu hujibu kabla ya akili kutambua. Mwenye busara hutoa sauti, humwendea kwa upande wa bega, na huweka mkono begani kwanza kabla ya kuupeleka kwingine.

Punda pia ni mnyama anayeficha maumivu. Pale ambapo farasi angerukaruka, yeye huinamisha kichwa tu na kupunguza mwendo. Punda mtulivu aliyeanza ghafla kukataa kugeuka upande mmoja ana haki ya kuchunguzwa kabla ya kuitwa mkaidi. Huenda mkanda umemchubua, jiwe limekwama katika ukwato, au jino linaumizwa na lijamu.

Jinsi mnyama anavyojifunza

Mwaka 1898 mtaalamu wa Kimarekani, Edward Thorndike, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa paka waliofungiwa ndani ya visanduku. Paka aliyegusa kitasa kwa bahati alitoka na kupata chakula. Kila aliporudishwa, alichukua muda mfupi zaidi kukigusa tena. Thorndike alihitimisha kwamba tendo linalofuatwa na raha hurudiwa, na tendo linalofuatwa na adha huachwa. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa mafunzo ya punda, ajapokuwa mwendeshaji hajapata kuisikia.

Chukua mfano wa kijana wa Mpendae anayemfundisha punda kugeuka kulia. Anavuta kigwe cha kulia polepole. Punda anahisi msukumo kichwani, nao humkera kidogo. Anajaribu kuinua kichwa, msukumo haukomi. Anajaribu kurudi nyuma, haukomi. Anapopeleka pua kulia na kupiga hatua moja, kijana hulegeza kigwe papo hapo. Nafuu ile ndiyo mwalimu, kwa kuwa humjulisha punda ni tendo gani katika yote aliyoyajaribu lililotakiwa. Baada ya kurudia mara kadhaa, punda hugeuka kwa kuguswa tu, na baadaye kwa neno likitamkwa kabla ya kigwe kusogea.

Siri yote imo katika wakati. Nafuu ikichelewa kwa sekunde chache, punda huihusisha na tendo jingine alilolifanya hapo katikati, pengine kusimama au kutikisa kichwa. Na mwendeshaji asiyelegeza kabisa humfundisha kwamba hakuna tendo lenye faida. Mdomo wa punda wa namna hiyo hufa ganzi, na bwana wake hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi kila mwezi.

Hapo ndipo udhaifu wa bakora unapoonekana. Bakora humwambia punda kwamba amekosea, lakini haimwambii afanye nini. Tena, mwendeshaji anayevuta kigwe huku akipiga mgongoni hutoa amri mbili kwa pamoja: kigwe kinasema "punguza, geuka", na fimbo inasema "nenda mbele". Punda akisimama katikati ya amri hizo, hana njia nyingine.

Wanyama wa jamii hii husoma mwili wa mtu kuliko watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Berlin alikuwapo farasi jina lake Hans, mali ya Wilhelm von Osten, aliyesifiwa kuwa anajua hesabu. Akiulizwa jumla ya tarakimu, aligonga ardhi kwa ukwato mpaka idadi itimie. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alieleza siri yake: farasi alikuwa akiangalia miondoko midogo ya kichwa na mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kuwa anaifanya. Muulizaji asiyejua jibu alimkosesha Hans jibu. Punda naye husoma vivyo hivyo. Mwendeshaji mwenye hasira au hofu humfundisha punda wake hasira na hofu bila ya kusema neno.

Mifupa isubiri

Mifupa mirefu ya miguu hurefuka kupitia tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha zake. Tabaka hizo ni laini. Kadiri mnyama anavyokua hugeuka kuwa mfupa mgumu, zile za chini ya mguu zikitangulia, za juu zikifuata. Uti wa mgongo ndio wa mwisho kukamilika, na huenda ukapita mwaka wa tano. Punda wa miaka miwili huweza kuonekana mkubwa, mnene na mwenye nguvu, kumbe mgongo wake ungali mchanga. Mzigo mzito katika umri huo hupinda viungo na kuumiza kano, na madhara yake huonekana baadaye, pale ambapo hayarekebishiki.

Mfugaji asiye na cheti cha kuzaliwa cha punda wake anaweza kusoma meno. Meno ya mbele ya utoto huanza kubadilishwa na ya ukubwani katika umri wa miaka miwili na nusu hivi, kwa jozi ya katikati. Jozi ya pili hufuata mwaka mmoja baadaye, na ya pembeni baada ya mwaka mwingine. Punda mwenye meno yote ya ukubwani yaliyokutana sawasawa ana miaka mitano hivi. Mwenye jozi moja tu hajafikia umri wa kubeba mzigo.

Kalenda mbili hizo zinaweza kupangwa pamoja namna hii:

Tangu kuzaliwa hadi miezi 6, mwanapunda hubaki na mama yake. Huguswa kila siku kichwani, shingoni na miguuni, ili mkono wa mtu uwe kitu cha kawaida kwake.

Kuanzia miezi 6 hadi miaka 2, hufundishwa kufuata kamba ya kichwa, kusimama, na kuinua miguu ili kwato zisafishwe. Huongozwa barabarani pembeni mwa punda mkubwa mtulivu, apate kuzoea honi, muziki na watoto wanaocheza. Punda hufungamana sana na mwenziwe. Akitenganishwa naye ghafla huweza kukataa chakula na kuugua. Kumchukua mwenzi mafunzoni ni sehemu ya dawa.

Kuanzia miaka 2 hadi 3, hufundishwa kugeuka kwa vigwe virefu, mwendeshaji akitembea nyuma yake kwa upande kidogo. Hakuna mzigo wala mpandaji.

Kuanzia miaka 3 hadi 4, huvishwa mikanda ya kuvutia, kisha hufungwa gari tupu kwa muda mfupi kila siku.

Baada ya kutimiza miaka 4 mzigo huanza kuongezwa hatua kwa hatua, na mbio nazo huanza hapo.

Mapipa matatu

Marekani uko mchezo unaoonyesha vyema maana ya kugeuka. Katika michezo ya wachunga ng'ombe iitwayo rodeo, farasi na mpandaji wake hushindana na saa kuzunguka mapipa matatu yaliyopangwa kwa umbo la pembetatu. Kwa vipimo vya kawaida, mapipa mawili ya kwanza huachana kwa mita 27 hivi, na la tatu huwa mita 32 hivi kutoka kila moja ya hayo mawili. Washindani wengi ni wanawake, ambao waliunda chama chao huko Texas mwaka 1948. Mbio zenyewe humalizika kwa sekunde chache, lakini mafunzo huchukua miaka, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo hufanywa kwa mwendo wa kutembea. Farasi hakimbizwi penye pipa mpaka aweze kulizunguka akitembea, akiwa ametulia na mwili wake umejikunja kuufuata mduara.

Sababu imo katika fizikia. Kitu kinachokwenda kwa mduara huhitaji nguvu ya kukivuta kuelekea katikati, na nguvu hiyo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Punda wa kilo 160 akizunguka mduara wenye nusu kipenyo cha mita 3 kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, kwato zake lazima zisukume ardhi kwa pembeni kwa nguvu ya nyutoni 213, sawa na uzito wa kilo 22 hivi. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nne na kufikia nyutoni 853, sawa na uzito wa kilo 87, yaani karibu mfuko mmoja na robo tatu wa saruji. Mzigo huo hupita kwatoni, hupanda vifundoni na magotini, tena kwa upande ambao viungo hivyo havikuumbwa kuuchukua. Juu ya mchanga mwepesi au lami iliyolowa, kwato huweza kuteleza kabla nguvu hiyo haijapatikana. Hiyo ndiyo sababu ya kumfunza punda mchanga kwa hatua, na ya kuchelewesha mbio.

Mapipa matatu matupu na kiwanja kilicho wazi vyatosha kwa zoezi hili. Mapipa yapangwe kwa nafasi ya hatua 20 au zaidi. Juma la kwanza punda aongozwe kwa kamba kuyazunguka yote, kulia na kushoto kwa idadi sawa, maana mnyama anayezungushwa upande mmoja tu hukua na misuli isiyolingana. Mduara wa mwanzo uwe mpana, kisha ufupishwe kidogo kidogo. Baada ya hapo vitumike vigwe virefu. Dakika 15 au 20 kwa siku zatosha, na zoezi likomee pale punda alipofanya vizuri, ili nafuu ya mwisho ikumbukwe.

Kwa punda wa gari iko hatua moja zaidi ambayo wengi huiruka. Punda aliye huru hugeuka kwa kukunja mwili. Aliyefungwa baina ya miti miwili ya gari hawezi kujikunja. Hana budi kuusukuma mti kwa bega na kupishanisha miguu. Hayo ni matendo mawili tofauti, na punda anayejua la kwanza hajui la pili kwa sababu hiyo tu. Kabla ya kufungwa gari, na afungiwe miti miwili myepesi ubavuni, azunguke mapipa nayo mpaka mguso wa mti usimshtue. Punda wengi wanaoitwa wakaidi penye kona ni wale ambao siku ya kwanza kuguswa na mti ndiyo siku ya kwanza waliyovuta mzigo.

Joto, maji na kwato

Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Katika hewa ya Unguja yenye unyevu mwingi hukauka polepole, na punda ambaye asili yake ni nchi kavu hupata taabu. Mafunzo yafanywe mapema asubuhi au baada ya alasiri, na maji safi yawepo. Punda mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 28 kwa dakika, na moyo wake hupiga mara 36 hadi 52. Anayejua kuhesabu mapigo chini ya taya hana haja ya kubahatisha: punda apumzishwe mpaka hesabu ikaribie tena hali hiyo.

Kwato za punda hunywa maji kuliko za farasi. Wakati wa masika na vuli hulainika, zikaoza kwa upesi. Zikaguliwe na kusafishwa kila siku, na banda liwe na sehemu kavu ya kusimama.

Mzigo wa mgongoni nao una mpaka. Uingereza, punda wanaopandwa na watoto ufukoni huwekewa kikomo cha kilo 50 hivi, na kwa punda mdogo robo ya uzito wake ni kipimo cha salama. Gari lenye magurudumu yanayozunguka vyema humwezesha kusogeza uzito mkubwa zaidi kuliko anaoweza kuuchukua mgongoni, mradi mikanda imkae kifuani bila ya kuminya koo.

Punda afe, mzigo ufike?

Msemo huo wa wachukuzi una hesabu ya siku moja tu. Punda anayetunzwa vyema huweza kufanya kazi kwa miaka 20 na zaidi. Aliyefungwa mzigo akiwa na miaka miwili huenda akamtumikia mwenyewe kwa miaka michache, kisha akachechemea. Mwenye kuokoa miaka miwili ya kungoja hupoteza kumi ya kazi.

Tena punda si mnyama wa kupatikana kwa wepesi kama zamani. Biashara ya ngozi zake, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao, imepunguza idadi yake katika nchi nyingi za Afrika, hata mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Huko Lamu, ambako njia za mji ni nyembamba mno kwa magari na punda ndiye mchukuzi mkuu, mbio za punda hufanywa katika sherehe za Maulidi. Vijana hushindana ufukoni bila ya matandiko, na mshindi hupata sifa mji mzima. Mpandaji asiye na tandiko hana cha kushikilia. Hukaa juu kwa sababu punda wake anamjua, naye anamjua punda. Elimu hiyo haipatikani siku ya mashindano. Mwanapunda huanza kuipata siku anayoguswa shingoni kwa mara ya kwanza na mkono usiomtisha.